Shelly Plus 1PM kwenye pampu ya ploti: relei inayojibu grupu yenyewe

Kwenye ploti nyingi za Nairobi maji ya mfereji huja kwa zamu. Siku ya zamu yanajaza tangi la chini, halafu pampu inayapandisha kwenye matangi ya paa. Anayewasha pampu ni keateka, mtunza jengo. Wanaouliza kama imewashwa ni wapangaji wote, na swali huulizwa kwenye grupu. Tathmini hii inapima jambo moja: je, Shelly Plus 1PM, relei ndogo ya Wi-Fi (swichi inayowashwa kwa mtandao) kutoka kampuni ya Bulgaria, inaweza kujibu swali hilo yenyewe, bila kompyuta ya pembeni na bila kupitia seva za mtengenezaji? Inaweza, na hapo ndipo inapowaacha nyuma wenzake wa bei ya chini. Ila si kwa kila pampu, na si kwenye WhatsApp.

WhatsApp kwanza, maana ndiko grupu la ploti liliko tayari. Njia rasmi ya kuunganisha programu na WhatsApp imetengenezewa biashara zinazozungumza na wateja. Inataka namba iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, na saa 24 zikishapita tangu mteja akuandikie, unaruhusiwa tu kumtumia kiolezo kilichoidhinishwa mapema. Pampu haina mteja wa kuianzishia mazungumzo. Kuna programu zisizo rasmi zinazojifanya WhatsApp ya kompyuta, na hufanya kazi vizuri hadi siku namba inapofungiwa. Ikiwa namba hiyo ndiyo ya keateka, amepoteza pia mawasiliano yake yote ya kazi. Usithubutu.

Wazo la nyumba kuzungumza mtandaoni si geni. Andy Stanford-Clark wa IBM, ambaye mwaka 1999 alibuni itifaki ya MQTT, lugha ya vifaa kutumiana ujumbe, pamoja na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, aliifanya nyumba yake kwenye kisiwa cha Wight, Uingereza, iwe ikituma habari zake Twitter. Leo mlango huo si rahisi tena, kwa sababu mwaka 2023 Twitter ilifuta huduma ya bure iliyokuwa ikitumiwa na programu za aina hiyo, ikabakiza kipande kidogo. Kilichobaki cha maana kwa mtu wa kawaida ni Telegram. Tangu 2015 inaruhusu mtu yeyote kutengeneza roboti bure, na kutuma ujumbe ni kufungua anwani moja tu ya wavuti. Kifaa chochote kinachoweza HTTPS, yaani kufungua anwani salama za wavuti, kinaweza kuongea.

Shelly Plus 1PM inaweza. Ndani yake mna chipu ya ESP32 inayoendesha skripti (programu fupi) za JavaScript unazoandika kwenye ukurasa wa kifaa chenyewe. Relei yake ni ya ampea 16, inakubali volti 110 hadi 240 za AC, na inapima wati, volti, ampea na hata joto lake. Ni ndogo kiasi cha kuingia nyuma ya swichi ya ukutani. Wi-Fi yake ni ya 2.4 GHz pekee. Ruta ikichanganya 2.4 na 5 GHz chini ya jina moja na kifaa kikakataa kuungana, tenganisha majina. Kwa pampu iliyo kwenye chumba cha chini nyuma ya mlango wa chuma, angalia kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye ukurasa wa kifaa kabla hujafunga chochote: -70 dBm ni sawa, chini ya -80 utakuwa unakimbizana na ujumbe unaopotea. Usiifungie ndani ya boksi la chuma la mita. Tumia boksi la plastiki.

Nyaya ni chache. Laivu inaingia L, nyutro inaingia N, na O inapeleka laivu kwenye pampu. Nyutro ya pampu haipiti kwenye relei, na waya wa arthi unakwenda moja kwa moja kwenye mwili wa pampu. Mbele ya yote weka breka isiyozidi ampea 16. Kazi hii apewe fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hasa kwa sababu ya tundu linaloitwa SW. Wengi hudhani ni la volti ndogo kwa kuwa ni la swichi tu, kumbe lina volti 240 sawa na laivu. Boya la tangi lenye waya mzito, lililoandikwa 250V mwilini, unaweza kulifunga hapo. Vile viboya vidogo vya plastiki vinavyouzwa pamoja na vifaa vya Arduino, hapana: utakuwa umeingiza volti 240 kwenye maji wanayooga watu. Ukitaka kuvitumia, nunua kiongezi chao cha Plus Add-on, ambacho kinatenganisha vihisio na umeme wa ukutani.

Sasa pampu yenyewe, na hapa ndipo pesa hupotea. Ampea 16 zilizoandikwa kwenye kifaa ni za mzigo kama pasi au hita. Mota ni mzigo wa aina nyingine. Ikianza huvuta mara tano hadi saba ya ampea zake za kawaida kwa muda mfupi, na ikizimwa hurusha cheche kati ya ncha za relei. Dalili ya relei iliyochoka ni hii: apu inaonyesha imezimwa, lakini pampu inaendelea kunguruma. Ncha zimeshikana. Pampu ya nusu HP (nguvu farasi) Shelly inaibeba, ukiweka kizima-cheche cha RC (Shelly wanauza chao cha 0.1 µF na ohm 100) sambamba na mota. Kuanzia HP 1 kwenda juu, weka kontakta, swichi kubwa inayovutwa na koili, yenye koili ya 240V, Shelly iwashe koili na kontakta ibebe mota. Kontakta zimejaa Luthuli Avenue. Angalia volti ya koili iliyoandikwa pembeni kabla ya kulipa, kwa sababu za 24V na za 415V zinafanana kabisa na hiyo unayoitaka.

Kontakta ina gharama ambayo wauzaji hawaitaji. Ukishaiweka, Shelly haipimi tena pampu. Inapima koili tu, ambayo ni wati chache. Umepoteza nusu ya sababu ya kununua 1PM. Kwa pampu kubwa basi chukua Shelly EM ya kizazi cha tatu, inayopima kwa kibanio kinachozungushiwa waya wa laivu na ina relei ndogo ya kuendesha kontakta. Kununua 1PM kwa pampu ya HP 2 ni kulipia kipimo usichoweza kukitumia.

Kwa nini kipimo ni muhimu hivyo? Kwa sababu wati ndizo zinazokueleza kama maji yapo. Pampu ya sentrifugali ikivuta hewa badala ya maji, mzigo unapungua na wati zinashuka. Ikiachwa hivyo, sili inapata joto na kuanza kuvuja. Soma wati pampu ikisukuma maji vizuri, kisha funga valvu ya upande wa kuvutia kwa sekunde chache usome tena. Kiwango cha kuzimia kiwe katikati ya namba hizo mbili. Usikope namba ya jirani. Halafu kuna vile vipampu vya bei nafuu aina ya QB60, vya nusu HP, ambavyo viko kila mahali mjini. Hivyo si sentrifugali ya kawaida, na tabia yake ni tofauti upande wa pili: bomba la kutolea likizibwa, kwa mfano boya la mitambo la tangi la juu likifunga, wati zinapanda badala ya kushuka. Kwa QB60 unahitaji viwango viwili, cha chini kwa ukavu na cha juu kwa kuzibwa. Cha juu Shelly inacho tayari kwenye mipangilio ya kikomo cha wati. Cha chini lazima kiandikwe kwenye skripti.

Skripti yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Kila sekunde 10 isome wati. Ipuuze nusu dakika ya kwanza pampu inapojivutia maji. Wati zikiwa chini ya kiwango mara tatu mfululizo, izime na kutuma ujumbe. Nje ya skripti, weka muda wa kujizima kwenye mipangilio ya relei, tuseme sekunde 2700 ikiwa tangi lako hujaa ndani ya dakika 40. Skripti ikikwama, relei bado itazima. Mpangilio wa hali baada ya stima kurudi uwe "off", kamwe usiwe wa kurejesha hali ya mwisho: dakika za kwanza stima zinaporudi volti hupanda na kushuka, na hakuna mtu aliye macho saa tisa usiku kuisikiliza pampu.

Roboti inatengenezwa hivi. Kwenye Telegram mwandikie BotFather, roboti rasmi wa kutengenezea roboti wengine, neno /newbot, chagua jina, kisha jina la mtumiaji linaloishia na "bot". Atakupa tokeni ndefu. Hiyo ni ufunguo wa roboti, na yeyote aliye nayo ndiye roboti. Mwingize roboti kwenye grupu, andika amri yoyote inayoanza na mkwaju, halafu fungua api.telegram.org/bot, tokeni yako ikifuata bila nafasi, kisha /getUpdates. Humo utaona namba ya grupu, inayoanza na alama ya kutoa. Iandike kwenye skripti pamoja na alama yake. Tuma ujumbe kwa njia ya POST yenye JSON (maandishi yakiwa ndani ya ombi, si kwenye anwani), la sivyo nafasi na alama za "&" kwenye maandishi zitaukata ujumbe katikati.

Hadi hapo ni rahisi, na video nyingi huishia hapo. Matatizo huja baada ya wiki.

Roboti ananyamaza ghafla na jibu ni kosa la 400: grupu limepandishwa kuwa grupu kubwa, mara nyingi msimamizi alipobadilisha mipangilio, kwa mfano kuwaonyesha wageni mazungumzo ya zamani. Namba imebadilika na sasa inaanza na -100. Jibu la kosa lenyewe huwa na namba mpya ndani yake, kwa hiyo lisome kabla ya kulaumu ruta. Kosa la 409 ni la aina nyingine: vifaa viwili vinatumia tokeni moja kusoma amri. Kila kifaa kinachosoma amri kiwe na roboti wake.

Amri /hali inajibiwa ukiiandika kwa mkono lakini haijibiwi ukiigusa kwenye menyu. Ndani ya grupu Telegram huongeza jina la roboti, ikawa /hali@jina_la_roboti, na skripti inayolinganisha neno zima haiitambui. Linganisha mwanzo wa neno tu. Na usishangae roboti asiposoma maneno ya kawaida kama "washa maji". Hivyo ndivyo anavyokuja, huona amri na majibu anayopewa yeye. Acha hivyo hivyo. Wapangaji hawahitaji kifaa kinachosoma soga zao.

Skripti inakufa kwa kukosa kumbukumbu. Kifaa hiki ni kidogo, na grupu lenye shughuli nyingi linaweza kurudisha jibu kubwa kuliko nafasi yake. Unapoomba amri mpya, weka limit=1 (amri moja kwa kila jibu), na baada ya kila amri ongeza offset, namba inayosema uanzie amri ipi.

Hatari kubwa kuliko zote imejificha hapohapo. Telegram huhifadhi amri ambazo hazijasomwa hadi saa 24. Stima zikipotea saa kumi na mbili jioni, watu watatu wakaandika /washa kwa hasira, amri hizo zitangoja. Stima zikirudi usiku, kifaa kitazitekeleza zote. Kwa hiyo skripti ilinganishe muda wa ujumbe na saa ya kifaa, itupe chochote kilichozidi sekunde 60. Na kwa kuwa Shelly hii haina betri ya saa, ikiwaka upya huwa haijui saa mpaka ipate intaneti. Kabla ya hapo ikatae kila amri. Ratiba nazo hazitaanza mpaka saa ipatikane, jambo linaloeleza kwa nini pampu ya asubuhi haikuwaka siku ruta ilipokuwa na taa nyekundu.

Nani aruhusiwe kuamuru? Kuangalia namba ya grupu hakutoshi, kwa sababu kila mwanagrupu ana namba hiyohiyo. Angalia namba ya mtumaji, na uwe na orodha ya watu wawili au watatu: keateka, mwenye nyumba, labda mpangaji mmoja anayeaminika. Wengine wote wapewe /hali tu.

Halafu kelele. Telegram inaweka kikomo cha ujumbe 20 kwa dakika kwa grupu moja, lakini uvumilivu wa watu unaisha mapema zaidi. Kifaa kinachotangaza kiwango cha tangi kila dakika tano kitawekwa kimya na kila mtu kabla ya Ijumaa, na siku pampu ikivuta hewa hakuna atakayeona. Tangaza mabadiliko tu:

"Pampu imezimwa 18:42. Tangi la juu limejaa."

"Pampu imezimwa 06:10. HAIVUTI MAJI, tangi la chini liangaliwe."

Habari za kawaida ziweke kwenye ujumbe mmoja uliobandikwa juu ya grupu, ambao roboti anauhariri badala ya kutuma mpya. Za usiku zipitie na disable_notification, zifike bila mlio. Ya ukavu peke yake ndiyo ilie.

Kitu ambacho Shelly haiwezi, hata uiandikie nini, ni kutangaza kwamba stima zimepotea, kwa sababu nayo imezimika. Mini UPS (betri ya akiba) ya ruta haisaidii ikiwa relei iko kwenye umeme wa ukutani. Hapo unahitaji mtu wa kugundua ukimya. MQTT ina kitu hicho tangu zamani, wosia: kifaa kinapoungana huacha ujumbe wa kutangazwa kikitoweka, na seva huutangaza baada ya mara moja na nusu ya muda waliokubaliana wa kusalimiana. Muda ukiwa sekunde 60, ni sekunde 90. Ila seva hiyo lazima iwe kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) iliyo na UPS pamoja na ruta, au nje ya ploti kabisa. Kwa ploti ya nyumba nane ni mzigo usio na faida. Watu wanaona giza wenyewe.

Usitegemee pia kwamba Telegram itakuwapo daima. Nchini Kenya ilitatizwa Novemba 2023 na Novemba 2024 wakati wa mitihani ya kidato cha nne (KCSE), na tena tarehe 25 Juni 2025 siku ya maandamano. Hapo ndipo thamani ya skripti ya ndani inapoonekana: boya, kiwango cha wati na muda wa kujizima vinaendelea kufanya kazi bila intaneti, na kinachokosekana ni taarifa na amri za grupu tu. Mfumo ambao uamuzi wa kuzima pampu uko kwenye seva ya mbali haufai kwa maji.

Hilo ndilo linaloziangusha soketi za Wi-Fi za Tuya zilizojaa madukani. Kuziingiza kwenye Telegram kunapitia jukwaa lao la wingu, ambalo akaunti yake ya majaribio ina muda na lazima uuombe tena. Zaidi ya hayo, soketi ya pini tatu bapa iliyoandikwa 16A au 20A inadanganya: plagi ya aina hiyo ni ya ampea 13 na inatakiwa kuwa na fyuzi ndani. Kwa taa ya veranda, sawa. Sonoff ni bora kuliko hizo, na relei yao ya Basic R2 ni rahisi kupatikana, lakini ni ya ampea 10 na haipimi wati. Unaweza kuiwekea Tasmota, programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani, kwa adapta ya USB ya volti 3.3, ikiwa imechomolewa kabisa kutoka kwa umeme wa ukutani, ila sehemu ya Telegram haimo kwenye toleo la kawaida la Tasmota. Lazima uikusanye mwenyewe. Anayejua kufanya hivyo hahitaji tathmini hii.

Shelly nayo ina doa la usalama. Ukishaiunganisha na ruta, ile Wi-Fi yake ya kuanzia, yenye jina la kifaa na anwani 192.168.33.1, inaweza kubaki hewani bila nywila hadi uizime mwenyewe. Kwenye ploti yenye kuta nyembamba, mtoto wa jirani akiwa na simu anaweza kufungua ukurasa huo na kusoma tokeni ndani ya skripti. Izime siku hiyohiyo, kisha uweke nywila ya kifaa. Tokeni ikivuja, /revoke kwa BotFather inaiua papo hapo.

Wengine wakishaona pampu inaongea hutaka kamera ya geti nayo ipeleke picha kwenye grupu. Hapo pole pole. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu sura za watu, na mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Grupu la watu 40 si chumba cha faragha. Wati za pampu hazina sura ya mtu.

Kabla ya kukabidhi mradi, angalia roboti ametengenezwa kwenye akaunti ya nani. Anamilikiwa na akaunti hiyo, na akaunti imefungwa kwenye namba ya simu. Kama ni ya keateka na akaacha kazi, roboti anaondoka naye. Mtengeneze kwenye namba ya mwenye nyumba, au uhamishe umiliki kupitia BotFather wakati keateka bado anapokea simu.